Bustani ya Mtoni: Keti Ukiutazama Mto

Wengi wanaokwenda kupumzika Michuki Park, jijini Nairobi, hutafuta nyasi na kivuli, kisha huketi wakiupa Mto Nairobi kisogo. Nashikilia kwamba bustani iliyo kando ya mto haizuriwi hivyo. Mito ya Nairobi ilipofurika Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka kingoni wahame. Ikiwa mto unaweza kudai ardhi yenye nyumba za watu, basi bustani iliyo ukingoni ni yake kabla ya kuwa yetu, na mgeni humwangalia mwenyeji kwanza.

Ushauri wangu una hatua tatu, na mbili nazimaliza upesi. Vaa viatu visivyoteleza. Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani, maana sioni kwa nini umpe pesa mchuuzi wa chupa za plastiki mahali ambapo chupa hizohizo huishia majini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, lakini chupa hazikuguswa na katazo hilo. Muuza njugu anayefunga kwa karatasi, huyo muunge mkono.

Hatua ya tatu ndiyo yenye thamani: kabla ya kutandika leso, soma alama ya mafuriko. Tazama vichaka na matawi yaliyouinamia mto. Utaona vipande vya nailoni, matambara na nyasi kavu vilivyojisokota kwenye mashina, hasa upande ule maji yanakotoka. Takataka zilizonasa juu kabisa zinakuonyesha kimo ambacho maji yaliwahi kufika. Simama karibu na shina ujipime: zimekufika gotini, kiunoni au begani? Kisha chagua mahali palipo juu ya kimo hicho, hasa ukiwa na watoto. Tazama pia umri wa alama. Matambara yaliyopauka kwa jua na tope lililopasuka ni dalili kwamba maji yalishuka zamani. Tope likiwa bado bichi na nyasi zimelala kuelekea maji yanakokwenda, mto umepungua juzijuzi tu. Hapo ukingo ni laini na unaweza kumeguka ukikanyagwa. Wala usidanganywe na anga nyeupe iliyo juu yako. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, na mvua inaweza kunyesha huko huku katikati ya jiji jua likiwaka. Ukiona maji yamegeuka ghafla kuwa mekundu na yanabeba vijiti, kusanya vyombo vyako upande juu. Aliyeketi ameupa mto kisogo hataliona badiliko hilo kwa wakati.

Atakuwepo wa kusema kwamba mto wenyewe unanuka, sasa autazame wa nini. Harufu ipo, nami sitaitetea. Lakini hiyo ni sababu ya kuchagua wakati vizuri: kiangazi maji hupungua na uchafu huzidi kukolea, ilhali siku chache baada ya mvua, mto ukishatulia, hewa huwa na nafuu. Mwingine atasema watu huja bustanini kusahau shida, hawaji kukagua majitaka. Namwelewa, kwani jiji linachosha. Hata hivyo, bustani hiyo ina jina la John Michuki, ambaye akiwa waziri wa mazingira alisukuma kazi ya kuusafisha mto huohuo, kabla hajafariki mwaka 2012. Ilitengenezwa upya ili watu waurudie mto. Tukifurahia nyasi zilizokatwa na kuyaacha maji bila macho, anayemwaga uchafu huko juu hana wa kumwona, na maji hayo hayaishii mjini. Huingia Mto Athi na kushuka hadi Bahari ya Hindi, karibu na Malindi.

Basi ukienda na jamaa zako, geuza leso, keti ukiutazama mto. Ukiona bomba linalomwaga maji machafu, lipige picha uipeleke kwa serikali ya kaunti, maana mto usio na mtazamaji hautasafishwa na mtu.