SOMO: JE, GARI LAWEZA KUENDESHWA KWA MAJI?

Ndugu wanakamati na wafadhili, hapa Daudi tumeulizwa: dizeli ni ghali, mbona mradi haununui kifaa cha kugeuza maji kuwa gesi ya haidrojeni?

Maji ni kama majivu: ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuitoa tena kwahitaji umeme. Uniti 50 hivi hutoa kilo 1, yenye nishati ya uniti 33. Garini, karibu nusu hupotea tena. Umeme huo ukiwekwa kwenye betri, gari huenda mbali mara mbili au zaidi.

Kifaa kinachofungwa garini huchukua umeme kwa injini ileile inayotumia dizeli. Hakuna faida.

Mwaka 1996 mahakama ya Ohio, Marekani, ilimwamuru Stanley Meyer, aliyedai gari lake latumia maji, kurudisha fedha za wawekezaji.

Kabla ya kuchangia, tuulize: umeme watoka wapi?