ONESMUS: JINA LENYE MZIZI WA KUFAA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kimuka

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Hebu leo tulimulike jina moja la Kigiriki ambalo ng'ambo ni adimu, lakini hapa Kenya si geni: Onesmus.

Chimbuko
Wagiriki wa kale walisema Onesimos, yaani mwenye kufaa, mwenye manufaa. Warumi wakageuza -os ya mwisho ikawa -us, ndiyo sababu Wakenya tunasema Onesmus. Jirani zetu wa Tanzania husema Onesmo, na Biblia ya Kiswahili huandika Onesimo. Umeona? Kiswahili hupenda silabi wazi, basi ile s ya mwisho ikadondoka.

Ubishi
Enzi za Warumi, watumwa wengi waliitwa hivi. Mwenzetu mmoja aliposikia hayo alitaka jina lake lifutwe kabla ya usajili wa KCSE. "Mimi siitwi jina la mtumwa!" akasema. Na kweli, bwana akimwita mtumwa wake Mwenye Kufaa, lazima tuulize: anamfaa nani?

Onesimo anayejulikana zaidi alikuwa mtumwa wa Filemoni. Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Filemoni barua ya aya 25 tu. Humo alilichezea jina lile: mtu huyu zamani hakukufaa, sasa anatufaa sote wawili. Kisha akaomba apokewe kama ndugu, si kama mtumwa tena.

Onesimus wa Boston
Mwaka 1706, kule Boston, Marekani, mchungaji Cotton Mather alipewa mtumwa Mwafrika, akambandika jina Onesimus. Jina la kwao halijulikani. Kumbe alikuwa na elimu! Alimweleza Mather jinsi kwao walivyojikinga na ndui: usaha kidogo wa mgonjwa hutiwa kwenye mkwaruzo wa ngozi ya mtu mzima wa afya. Ndui ilipozuka Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston alijaribu njia hiyo. Waliochanjwa walikufa kama 2 kwa kila 100. Walioambukizwa bila chanjo walikufa kama 14 kwa kila 100. Mtumwa aliufaa mji uliomfunga. Je, mji ulimfaa yeye?

Funzo
Hapa sarufi inatusaidia. Kufaa ni kwa upande mmoja. Tukitia kiambishi -an- tunapata kufaana, kauli ya kutendana, yaani mimi nikufae na wewe unifae. Ndiyo maana tukaambiwa ndugu ni kufaana, si kufanana. Paulo alipoomba mtumwa awe ndugu, ni kama aliomba hicho kiambishi kidogo tu.

Kwa hivyo, wewe mwenye jina hili, usilionee haya wala usilifute. Ila mtu akitaka umfae tu, naye asikufae hata siku moja, mkumbushe hiyo -an-.

Zoezi
1. Tunga sentensi mbili: moja ya kufaa, nyingine ya kufaana.
2. Waulize wazee wako maana ya jina lako la nyumbani, na ni nani aliyekupa.