Umechoka? Anza na Dakika Kumi

Mkaazi wa Mtongwe anayefanya kazi kisiwani huamka kabla ya alfajiri ili awahi feri. Wa Mtopanga hukwama kwenye foleni ya magari kuelekea Daraja la Nyali, na wa Chaani hushinda amesimama kiwandani. Wakirudi jioni kuna chakula cha kupika, nguo za kufua na watoto wanaosubiri kusaidiwa kazi za shule. Mtu kama huyu akiambiwa afanye mazoezi huuliza: "Kwa nguvu zipi?" Swali lake ni la haki, nalo ndilo somo letu la leo.

Kwa nini tusilipuuze

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haipigi hodi. Kuushughulisha mwili ni mojawapo ya njia za kuizuia, pamoja na kisukari na maradhi ya moyo.

Uchovu si wa aina moja

Mchukuzi anayebeba magunia kutwa amechoka misuli. Huenda tayari ametimiza kiwango chake cha mazoezi, na anachohitaji ni maji, chakula na usingizi. Lakini karani, dereva wa matatu, mshonaji na muuza duka huchoka kwa kuketi, joto, kelele na mawazo. Uchovu huu hauishi kwa kulala kwenye kochi tu.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha vijana wasiofanya mazoezi waliokuwa wakilalamika uchovu wa kila siku. Waliofanya mazoezi mepesi ya dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita, uchovu wao ulipungua kwa asilimia 65. Walioongeza kasi walipata nafuu pia, ila ndogo kuliko hiyo. Basi usisubiri nguvu zije ndipo uanze. Anza polepole, nguvu zitakuja nyuma yako.

Kiwango ni kipi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake unaweza kuzungumza huku ukitembea, lakini huwezi kuimba. Zamani ilishauriwa kila kipindi kisipungue dakika 10. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa sharti hilo, kwa hivyo hata dakika tatu za kupanda ngazi zinahesabiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Namna ya kuanza

1. Funga zoezi kwenye jambo unalolifanya tayari. Ukishuka kwenye feri upande wa Likoni, tembea haraka badala ya kupanda tuktuk. Ukitokea Magongo au Bamburi, shuka steji moja kabla ya yako.

2. Piga hesabu ya wiki. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwa siku sita ni 120. Ongeza nusu saa ya kutembea ufuoni pamoja na watoto siku ya mapumziko, umefika 150.

3. Usiku ukiingia na njia si salama, fanyia nyumbani. Keti na uinuke kitini mara kumi, kisha simama mbele ya ukuta na uusukume kwa mikono mara kumi. Hakuna ada wala mavazi maalumu, na mama mwenye mtoto mchanga anaweza kufanya akiwa chumbani.

4. Tafuta mwenzako. Ukijua jirani anakusubiri mlangoni, ni vigumu kuahirisha.

5. Siku ukishindwa kabisa, fanya dakika mbili tu. Shabaha ya siku hiyo ni kutokata mazoea.

Tahadhari

Epuka jua la adhuhuri na unywe maji. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, acha mara moja na uende hospitali. Uchovu usioisha hata baada ya kulala vizuri kwa wiki kadhaa unaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, kisukari au ugonjwa mwingine. Huo hautibiwi kwa mazoezi, unahitaji kupimwa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako, kwani kupima presha na sukari ni sehemu ya kazi yake. Mjamzito na mwenye maradhi sugu waulize mhudumu wa afya kwanza.

Kabla hujalala leo, chagua dakika zako kumi za kesho: saa ngapi, na njia gani.