Mtoto wetu na jina la Kapteni

*Shangazi, nipo huku Lundo, nimejifungua mtoto wa kiume. Mume wangu ni wa ukoo wa Komba, anataka mtoto arithi jina la marehemu baba yake, John. Shemeji aliyeko Dar es Salaam kaingia Google, anasema John Komba ni yule Kapteni tu, mwanzo mpaka mwisho, mtoto wetu atapotea. Anataka tumwite Jhaydhon, na tayari kamfungulia akaunti ya Instagram kwa jina hilo. Mama mkwe kanuna, hataki hata kumbeba mtoto. Nifanyeje?*

*Mama Kichanga*

Hongera, mwanangu, kwa kujifungua.

Alichokiona shemeji yako ni kweli. Kapteni John Komba aliimba na kundi la muziki la TOT, akawa mbunge wenu wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015, na habari zake zimejaa mtandaoni. Lakini nani kamwambia kupotea ni hasara? Mwenye duka ndiye anayehitaji jina la peke yake. Kichanga anauza nini? Akifika miaka 16 akaandika upuuzi wake huko, atakayemtafuta John Komba atakutana na Kapteni, na akina Komba kibao wa huko kwenu. Jhaydhon Komba atakamatwa siku hiyohiyo. Akiwa mkubwa akataka kujulikana, jina la baba yake lipo katikati.

Mimi naogopa zaidi hizo herufi. Kadi ya kliniki itasema Jaydon, cheti cha kuzaliwa Jeidon, shule Jaidoni. Akienda NIDA kuomba kitambulisho cha taifa akiwa kijana, kompyuta itaona watu watatu. Wangapi wamehangaika kwa wakili kula kiapo, kwa sababu tu ya herufi moja iliyozidi kwenye cheti? Hapo sijataja nauli ya kwenda Songea kumfuata huyo wakili.

Mwite John. Shemeji akipenda Jhaydhon, liwe jina la utani la nyumbani, ila akaunti hiyo aifunge. Mtoto hajafungua macho vizuri, picha na tarehe yake ya kuzaliwa vinawahusu nini watu baki?

Usajili ufanyeni kabla ya siku 90 kuisha. Baba aende na majina yote matatu yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na asiondoke dirishani kabla hajakisoma cheti, herufi kwa herufi.