Mzee Calum na Barabara ya Arnish



Katika somo la leo tutasoma habari za mzee mmoja wa Uskoti. Uskoti iko kaskazini mwa Uingereza, na nchi hizo mbili ziko chini ya ufalme mmoja. Ni nchi ya mvua nyingi, baridi na upepo. Mzee tunayemzungumzia hakuwa tajiri wala mtu wa cheo. Alikuwa mkulima mdogo wa kijijini. Jina lake ni Calum MacLeod. Alizaliwa mwaka 1911, akafariki Januari 1988.

Tumemchagua mzee huyu kwa sababu alijua kutumia vitu viwili: kitabu na koleo. Wako wenzetu wanaosema, "Nimekwisha kujua kusoma, basi, cheti ninacho, sasa nikifanyie nini?" Haya, tumwangalie Mzee Calum alikifanyia nini.

KISIWA CHA RAASAY

Mzee Calum aliishi katika kisiwa kiitwacho Raasay, magharibi mwa Uskoti. Kisiwa hiki ni chembamba na kirefu. Urefu wake ni kama kilometa 22, na mahali penye upana zaidi ni kama kilometa 5. Upande wa kusini una udongo mzuri. Upande wa kaskazini ni mawe matupu na ardhi ya majimaji. Kijiji cha Mzee Calum, Arnish, kiko huko kaskazini kwenye mawe.

Je, watu walifuata nini penye mawe? Wengi wao hawakuchagua. Katika miaka ya 1840 kisiwa kilinunuliwa na tajiri mmoja aliyeitwa George Rainy. Yeye alitaka ardhi nzuri iwe ya kondoo. Wakulima wa kusini walifukuzwa. Wengi walipandishwa meli kwenda Australia. Wengine walisukumwa kaskazini, na wengine katika kisiwa kidogo cha jirani kiitwacho Rona. Rainy aliwakataza hata vijana kuoana, ili watu wasiongezeke. Mambo hayo wazee wa Raasay waliyaeleza mbele ya tume ya serikali mwaka 1883. Mwaka 1886 ikatungwa sheria ya kuwalinda wakulima wadogo, ili wasifukuzwe ovyo katika mashamba yao.

Lakini sheria hiyo haikuwarudishia ardhi waliyokwisha kunyang'anywa. Mwaka 1921 wanaume kutoka Rona waliingia kwa nguvu katika ardhi nzuri ya kusini, mahali walipoishi wazee wao zamani. Walikamatwa, wakatiwa jela. Muda si mrefu baadaye serikali ilikinunua kisiwa cha Raasay, na watu wengi wakaanza kuhamia kusini. Wakati huo Calum alikuwa mtoto wa miaka 10. Tangu utoto wake, basi, aliona upande wa kaskazini ukipungua watu, nyumba moja baada ya nyingine.

KAZI ZAKE ZA KILA SIKU

Maisha ya Mzee Calum yalikuwa ya kazi mchanganyiko. Alikuwa na shamba dogo, kondoo na ng'ombe. Alilima viazi, alikata majani na kuyakausha ili ng'ombe wapate chakula wakati wa baridi. Kuni huko ni shida. Watu wa visiwa hivyo huchimba udongo mweusi wa kwenye majimaji, wakaukata vipande kama matofali, wakauanika juani na upepo, kisha wakauwasha kama kuni. Kazi hiyo inataka mgongo wenye nguvu.

Pia alikuwa tarishi wa posta. Alibeba barua kwa miguu kwenda kwenye nyumba za upande wa kaskazini. Tena alifanya kazi ya kusaidia katika mnara wa taa wa Rona. Taa hiyo huonyesha meli njia usiku, zisigonge mawe. Walinzi wa taa walihitaji chakula na vifaa, na mahitaji hayo yalivushwa kwa mashua, hata bahari ikiwa chafu.

Tukumbuke pia kwamba huko siku hazilingani. Mwezi wa Desemba mwanga wa jua haufiki saa 7 kwa siku. Mwezi wa Juni unakaribia saa 18. Mtu akitaka kufanya kazi kubwa nje ya nyumba, lazima aitafutie nafasi katika siku hizo.

SHIDA YA NJIA

Barabara ya gari ya Raasay iliishia mahali paitwapo Brochel. Toka Brochel mpaka Arnish ni kilometa 2.8, na hapo palikuwa na njia ya miguu tu, ya kupanda na kushuka kwenye mawe. Unga, mbolea na mizigo mingine ilibebwa mgongoni, au ilizungushwa kwa mashua bahari ikikubali.

Wananchi wa kaskazini waliandika barua na kutia sahihi zao kuomba barabara. Waliomba miaka mingi. Jibu la halmashauri ya wilaya lilikuwa lile lile: fedha hakuna, tena watu wenyewe ni wachache. Na kwa kuwa barabara haikujengwa, watu walizidi kuhama. Na kwa kuwa watu walizidi kuhama, halmashauri ilipata sababu zaidi ya kutojenga. Mnaona jinsi shida hii inavyojizungusha, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi?

Mzee Calum hakuwa mgeni wa kazi ya njia. Kati ya mwaka 1949 na 1952, yeye na ndugu yake Charles walitengeneza njia ya miguu upande huo huo wa kaskazini, kwa malipo madogo ya halmashauri. Kwa hiyo alipokata shauri, alijua anaingia katika kazi gani.

KITABU CHA SHILINGI MBILI NA NUSU

Katikati ya miaka ya 1960 Mzee Calum alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Alinunua kitabu kikuukuu kinachofundisha ujenzi na utunzaji wa barabara. Kiliandikwa na Thomas Aitken na kupigwa chapa London mwaka 1900. Bei aliyolipa ilikuwa shilingi mbili na nusu za Kiingereza za zamani. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya mainjinia. Yeye hakuwa injinia. Lakini alikisoma, akakielewa, akakitumia.

Vifaa vyake vilikuwa sururu, koleo na toroli. Tuseme kweli yote hapa: kazi ya kwanza ya kupasua miamba kwa baruti ilisaidiwa na idara ya serikali ya kilimo. Idara ilileta mashine, baruti na mafundi, kwa gharama ya pauni 1,900. Hayo yalipokwisha, mafundi walirudi kwao. Mzee akabaki na toroli lake.

BARABARA HUJENGWAJE?

Labda msomaji atasema, "Barabara ni kufyeka na kusawazisha tu." Sivyo. Barabara nzuri hufuata kanuni, na kanuni hizi ni zile zile kila mahali:

1. Adui wa kwanza wa barabara ni maji. Chimba mitaro pembeni kwanza.

2. Mahali kijito kinapokata njia, weka kalvati maji yapite chini. Ukiyazuia yatapita juu, na yatachukua barabara yako.

3. Chini weka mawe makubwa, juu yake mawe madogo, na juu kabisa kokoto. Mawe makubwa yakiwa juu, magurudumu yatayang'oa.

4. Katikati ya barabara pawe juu kidogo kuliko pembeni, kama mgongo wa samaki, ili mvua iteremke mitaroni.

5. Penye mteremko mkali, jenga ukuta wa mawe upande wa bondeni kushikilia barabara.

Kwa mtu mmoja kazi hizi zote ni nzito. Lazima ang'oe visiki, avunje mawe, ayabebe, ayapange, arudi tena kuchukua mengine.

TUPIGE HESABU

Kazi ilichukua kama miaka 10. Barabara ina urefu wa meta 2,800.

2,800 gawanya kwa 10 = meta 280 kwa mwaka.

Mwaka una siku 365. Tukitoa Jumapili 52, maana wakati huo watu wa Raasay waliiheshimu sana Jumapili na hawakufanya kazi, zinabaki siku 313.

280 gawanya kwa 313 = karibu sentimeta 90 kwa siku.

Sentimeta 90! Ni kama hatua moja ndefu ya mtu mzima. Mzee Calum alisogeza barabara yake hatua moja kwa siku, na siku nyingi alikuwa pia na ng'ombe wa kulisha na barua za kupeleka. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Sisi tunaweza kuongeza kwamba hata mwamba huisha.

BARABARA ILIPOKWISHA

Katikati ya miaka ya 1970 barabara ilifika Arnish. Gari liliweza kufika mlangoni kwake. Mwaka 1982 halmashauri ilikuwa imekwisha kuikubali kuwa barabara ya umma, ikaiweka lami. Waliokuwa wakisema haiwezekani sasa walikuwa wakitandaza lami juu ya mawe ya mzee.

Mwaka 1983 alitunukiwa nishani ya serikali. Lakini nishani hiyo ilitolewa kwa huduma yake ya kupeleka mahitaji kwenye mnara wa taa. Barabara haikutajwa.

Sasa tufike penye uchungu wa habari hii. Lami ilipofika, majirani walikuwa wamekwisha kuhama. Shule ya upande huo ilikuwa imekwisha kufungwa. Waliobaki wakiishi Arnish walikuwa wawili tu: Mzee Calum na mkewe Lexie. Barabara ilijengwa ili vijana wasiondoke, nao waliondoka kabla haijakwisha. Mzee aliendelea na kazi zake mpaka siku aliyofariki, akiwa na miaka 76. Mkewe alimkuta nje ya nyumba, amekaa ndani ya toroli lake.

KALAMU YAKE

Mzee Calum hakuacha mawe tu. Lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kigaeli, lugha ya zamani ya visiwa hivyo, ambayo wasemaji wake wamepungua sana. Kwa lugha hiyo aliandika habari za wazee wake: nani waliishi wapi, nani walifukuzwa, na vijiji gani vilibaki magofu. Maandishi yake juu ya kufukuzwa kwa watu wa Raasay yalitolewa kuwa kitabu mwaka 2007, miaka 19 baada ya kifo chake. Angekufa bila kuandika, mengi aliyoyasikia kwa wazee yangezikwa pamoja naye.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kitabu ni fundi asiyechoka kuulizwa. Ukishindwa kuelewa ukurasa leo, utausoma tena kesho, nacho hakitakukasirikia.

Pili, tusije tukaisoma habari hii vibaya tukasema, "Basi serikali isijenge, wazee watachukua matoroli." Hapana. Barabara ni kazi ya halmashauri, na wananchi wa kaskazini walikuwa na haki ya kuiomba. Halmashauri iliokoa fedha, kijiji kikapotea. Mbegu ina msimu wake. Ukiipanda mvua zikiwa zimekwisha hutavuna. Na barabara nayo ina msimu wake. Msimu huo ni wakati watoto wangali wanasoma shuleni na mashamba yangali yanalimwa.

Tatu, kazi ya mkono na barua za madai viende pamoja. Unapowaandikia wakubwa, taja idadi ya nyumba, taja umbali, taja mizigo inayobebwa kwa kichwa. Omba jambo moja lililo wazi. Andika tarehe, na weka nakala nyumbani. Barua isiyo na nakala ni kama deni lisilo na shahidi.

Leo barabara hiyo ipo. Watu wa Uskoti huiita Barabara ya Calum, na wageni hutoka mbali kuja kuipita. Mwanzoni mwake, pale Brochel, pana kumbukumbu ya mawe yenye maandishi ya kumsifu. Arnish yenyewe imebaki kimya. Sisi tunaona kwamba mzee alishinda mawe, lakini hakuweza peke yake kushinda ucheleweshaji. Huo hushindwa na watu wengi wakisema pamoja, mapema.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kalvati: njia ya maji inayopita chini ya barabara.
Nakala: maandishi yaliyo sawa kabisa na yale ya kwanza.
Tume: watu waliochaguliwa kuchunguza jambo na kutoa taarifa.
Nishani: alama anayopewa mtu kwa kusifiwa kazi yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watu wengi wa Raasay walikuwa wakiishi kwenye ardhi ya mawe?
2. Eleza jinsi ukosefu wa barabara na kuhama kwa watu kulivyosaidiana kukiua kijiji.
3. Wengine husema Mzee Calum alipoteza miaka 10 bure. Wengine husema alifanya vizuri. Ninyi mnasemaje? Toeni sababu.
4. Kama njia ya kwenu ina urefu wa meta 1,200, na kikundi chenu kinaweza kutengeneza meta 4 kwa siku, kazi itachukua siku ngapi?

ZOEZI LA KUANDIKA

Keti na mzee mmoja wa kijijini kwako. Mwulize njia kuu ya kijiji ilianza lini, nani waliifyeka, na zamani watu walipita wapi. Andika majibu yake katika ukurasa mmoja, uweke tarehe na jina la kijiji. Msomee mwenyewe uliyoyaandika, asahihishe, kisha uyatunze vizuri.