Twiga Ni Mzuri, Lakini Si Kozi

Wadogo zangu, matokeo ya KCSE yakishatoka simu yangu haipumziki. Wa uhandisi na wa udaktari wanajijua, siwaongelei leo. Leo ni zamu ya wale wa moyo laini: "Dada, mimi napenda wanyama na pori, nijaze kozi gani kwenye tovuti ya KUCCPS?"

Nami nauliza: unapenda kuwafanyia nini hao wanyama? Kama ni kuwatazama tu twiga wa Bour-Algi hapa Garissa jioni wakijivuta kati ya migunga, hilo halitaki shahada wala mkopo wa HELB. Nenda Jumamosi. Kama ni kuwalinda na bunduki begani, askari wa wanyamapori wa KWS hufunzwa Manyani, na si lazima upitie chuo kikuu kwanza. Lakini kama unataka kujua kwa nini wanakufa na kwa nini hawaongezeki, hapo tukae tuzungumze.

Chukua hirola, swala wetu huyu mwenye miwani, ambaye asili yake ni huku Garissa na ng'ambo ya mpaka, Somalia. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 500. Sotoka iliwafyeka miaka ya 1980, sawa, lakini sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 na hirola bado hawajarudi. Mbona? Aliyelivalia njuga swali hilo ni mwana wa Garissa, Dkt. Abdullahi Ali, aliyechukua uzamifu wake Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Utafiti wake ulionyesha kwamba vichaka na miti vimemeza mbuga za nyasi. Ndovu waliokuwa wakiiangusha miti hiyo waliuawa na majangili, na mifugo ikazidi kumaliza nyasi zilizobaki. Hirola hali miti. Ndiyo maana mpango wake wa kuwahifadhi unang'oa miti na kupanda nyasi. Mwaka 2020 kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Whitley kule Uingereza.

Mmeona? Kazi ya kumwokoa mnyama imeishia kwenye nyasi. Kwa hiyo mkiniuliza kozi ninayoipigia debe kwa kijana wa kwetu, ni usimamizi wa nyanda za malisho, ile inayofundishwa Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka minne. Najua haina jina la kujivunia arusini. Lakini ardhi ya Garissa, Wajir na Mandera karibu yote ni malisho, na ngamia wa mjomba wako na twiga wa serikali wanakula mgunga mmoja. Anayeijua ardhi hiyo anaweza kuajiriwa na kaunti, na mashirika ya ukame, na hifadhi za jamii kama Ishaqbini. Shahada yenye jina la wanyamapori peke yake si mbaya, na Naivasha kuna taasisi nzima ya utafiti na mafunzo yao, ila waajiri wake ni wachache na foleni ni ndefu.

Udaktari wa mifugo je? Huo ni miaka mitano, na bila alama nzuri za Kemia na Biolojia usijidanganye; angalia alama za klasta za mwaka uliopita kabla ya kujaza. Zikikosekana, kuna vyuo vya afya ya mifugo vya AHITI pale Kabete, Ndomba na Nyahururu. Stashahada ya afya ya mifugo si aibu. Huku kwetu, mwenye stashahada na pikipiki huwafikia mbuzi wengi kuliko daktari aliyejifungia ofisini mjini.

Na wasichana, najua hooyo, mama yako, atasema nini: "Mbuzi tunao nyumbani, unaenda kusomea nini?" Usibishane naye. Mwulize anavyomtambua mbuzi wa homa ya mapafu. Atakueleza kikohozi, pua zinazotiririka, na jinsi anavyomtenga na wenzake mapema, kisha atashtuka kusikia kwamba hayo ndiyo utakayotahiniwa. Watoto wa mjini wataanzia sifuri. Wewe utakuwa na walimu wawili.

Jambo moja la kufanya kabla hujabonyeza chochote kwenye tovuti. Omba ruhusa uende kichinjioni alfajiri, usimame kando ya mkaguzi wa nyama. Mtazame anavyolikata ini vipande akitafuta minyoo, anavyolipapasa pafu la ngamia na kupasua vile vivimbe vya maji. Harufu ipo, damu ipo, nzi wapo. Ukijikuta umeinama kuuliza kivimbe kile kimetoka wapi, jaza udaktari wa mifugo namba moja. Ukijikuta nje unatafuta hewa, hakuna neno, bado tuna uhaba wa watu wa nyasi.