LUGHA, MILA NA SHERIA: MAMBO MATATU YANAYOTUTAMBULISHA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu mwanafunzi, ukiulizwa wewe ni nani utajibu nini? Wengi wetu tutataja jina, ukoo na mtaa tunaokaa. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Jamii hujulikana kwa lugha inayosema, mila inazoshika na sheria inayohukumiana kwayo. Likiharibika moja katika hayo, mawili yaliyobaki nayo hutikisika. Tutalieleza somo hili kwa kuanza na karatasi moja ya zamani.

KARATASI YA MINAZI

Mwanafunzi wetu mmoja alileta darasani karatasi iliyokuwa katika kasha la bibi yake. Nyumbani walidhani ni dua, kwa kuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, basi wakaihifadhi kwa heshima bila ya mtu kuisoma. Wenzake walijaribu wakashindwa. "Ustadhi, Kiarabu hiki hatukifahamu." Nikawaambia wasome kwa sauti, herufi kwa herufi, kama wanavyosoma juzuu. Wa tatu kusoma akacheka akasema, "Ustadhi, mbona hiki ni Kiswahili!"

Ilikuwa ni hesabu ya mirathi. Marehemu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili na minazi 32. Mke alipewa minazi 4, ambayo ni thumni, yaani sehemu moja ya nane. Ikabaki minazi 28. Mtoto wa kiume akapata 14 na kila binti akapata 7. Chini yake yakaandikwa majina ya mashahidi.

Kumbe katika nyumba ile palikuwa na mvutano. Bibi yake mwanafunzi ni mmoja wa wale mabinti wawili, na watoto wa kaka yake walikuwa wakisema, "Kwetu mwanamke harithi shamba, ndiyo mila yetu." Karatasi ikawajibu. Haki ya yule bibi ilikuwa imelala kasha moja na kanga zake miaka yote, kwa sababu tu wajukuu wake hawakujua kuwa wanaweza kuisoma.

1. LUGHA

Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa asili na sarufi yake. Lakini hebu tuangalie maneno tunayotumia mahakamani: sheria, haki, hukumu, shahidi, wakili, wasia, mirathi, talaka. Yote asili yake ni Kiarabu. Hii inatuonyesha kuwa wazee wetu walipoupokea Uislamu hawakupokea sala na saumu peke yake, bali walipokea pia njia ya kuhukumiana.

Hata hivyo hawakutupa chao. Neno Mungu ni la Kibantu. Na tazama majina ya miezi: mwezi wa Shawwal wazee wanauita Mfunguo Mosi, Dhulqaada ni Mfunguo Pili, mpaka tunafika Mfunguo Sita, nao ni Rabiul Awwal, mwezi aliozaliwa Mtume (S.A.W.). Kalenda ni ya Kiislamu, na hesabu inaanzia pale watu wanapofungua baada ya Ramadhani. Dini na lugha vimekaa pamoja bila ya kugombana.

Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona wa Pate, katika karne ya 19, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha kwa herufi hizo. Wakati wa ukoloni maofisi na shule zikashika herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifu Kiswahili kwa herufi hizo. Hatusemi kuwa herufi za Kirumi ni mbaya. Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969, imewafikia watu wengi kwa herufi hizo hizo. Hasara ni kuisahau kabisa ile njia ya kwanza, mtu akashindwa kusoma barua ya babu yake mwenyewe.

Allah (S.W.) ametueleza katika Suratur Rum aya ya 22 kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake. Basi mtu asione haya kwa lugha yake.

2. MILA

Katika Qur'ani neno millah lina maana ya dini au njia, kama tunavyosoma kuhusu mila ya Ibrahim (A.S.). Sisi Waswahili tumelitumia kwa maana ya desturi za watu. Ndiyo sababu baadhi yetu huchanganya, wakadhani kila kilichofanywa na wazee ni dini.

Wanavyuoni wa fiqhi wana kanuni isemayo "al-aadatu muhakkamah", yaani desturi huzingatiwa katika hukumu. Lakini wameigawa desturi katika mafungu mawili.

(a) Desturi sahihi, ambayo haipingani na Qur'ani wala Sunna. Mfano ni kanga na kofia zetu, kutuma mshenga kupeleka posa, na kupelekeana sahani za futari kwa majirani. Hizi tuzishike, maana mwacha asili ni mtumwa.

(b) Desturi mbovu, inayohalalisha haramu au kudhulumu haki. Mfano ni baba kula mahari ya binti yake, kupika pilau ya matanga kwa mali ya mayatima, na kumnyima mwanamke urithi. Suratun Nisaa aya ya 7 imeweka wazi kuwa wanaume wana sehemu yao na wanawake wana sehemu yao, kiwe kidogo au kingi. Hapa hakuna "mila yetu".

3. SHERIA

Zanzibar na Kenya zina Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, imezitaja kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu.

Kwa Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Pakiwa na ubishi ni sheria ipi itumike, mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alitaka nini. Na tofauti si ndogo. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zimemweka binti katika daraja la tatu, nyuma ya ndugu zake wa kiume.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, lile swali la "wewe ni nani" linaulizwa hata mtu akiwa kaburini, na ushahidi ni maisha yake. Mtume (S.A.W.) amehimiza kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Wazazi wetu waandike, washuhudishe, na waeleze wazi kuwa mali yao igawiwe kwa sheria ya Kiislamu.

HITIMISHO

Lugha ndiyo iliyohifadhi haki ya yule bibi, sheria ndiyo iliyompa, na mila mbovu ndiyo iliyotaka kumnyang'anya. Wewe unayesoma juzuu tayari una ufunguo mkononi. Likizo hii waombe wazee wako ruhusa, mtazame katika makasha yao, mkae nao msome.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja maneno matano ya Kiswahili ya mambo ya sheria yenye asili ya Kiarabu.
2. Eleza tofauti ya desturi sahihi na desturi mbovu, na utoe mfano mmoja wa kila moja kutoka mtaani kwenu.
3. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume, binti mmoja na minazi 40. Hana deni wala wasia. Kila mmoja atapata mingapi?

Wabillahi tawfiq.